Kiti cha Bibi Lilwall na Sakafu ya Godsall

Kwa jina la Mwenyezi Mungu hadithi hii inafunguliwa, Yeye aliyeiotesha miti kabla hajamuumba mwenye kuikata, akaitandaza ardhi ikawa tambarare machoni na yenye mashimo nyayoni, ili mwanadamu asiache kutazama anapokanyaga. Sifa zote njema ni Zake. Na baada ya sifa, tuwapange watu, kila mmoja mahali pake, wasije wakagongana mlangoni.

Wa kwanza ni Enoch Godsall, fundi viti wa Orlham, kijiji cha Herefordshire chenye udongo mwekundu na mabustani ya matufaha, katika zama za Malkia Victoria. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na miwili, hakuwahi kuoa, na mikono yake ilijua kusema kuliko kinywa chake. Alikereza miguu ya viti kwa kerezo la kukanyaga lililokuwa la baba yake, na kabla ya hapo la babu yake. Wote watatu walikaa nyumba ile ile, wakala meza ile ile, na wakajisifu kwa jambo moja tu: kiti cha Godsall hakitikisiki. Kila mwaka gulioni Enoch aliweka bakuli la maziwa, limejaa hadi ukingoni, juu ya kikalio cha kiti kipya, kisha akalipiga egemeo kofi. Halikumwagika hata tone. Paka wa Orlham walikwisha kuikatia tamaa meza yake.

Wa pili ni Keturah Lilwall, mjane wa Amos Lilwall mwashi. Marehemu hakuamini kitu chochote ambacho hakijapimwa kwa pimamaji, na sakafu ya nyumba yake aliijenga kwa mawe bapa kwa muda wa miezi minne, akilala kifudifudi kila jioni ili kuitazama kwa jicho moja. Alikuwa mtu mwema, ila hakupenda mbao. Mabenchi ya nyumba ile yalikuwa ya mawe, na Keturah akayakalia miaka kumi na tisa bila kunung'unika, kwa kuwa alimpenda mwenye kuyachonga. Mwaka wa tatu baada ya maziko aliona kwamba ameshayatimizia mawe haki yao, akaenda kuagiza kiti.

Wa tatu ni Silas Tranter, fundi viti wa ng'ambo ya kijito, mwenye kazi nzuri na ulimi usiolala. Na wa nne ni Mchungaji Pennoyer, kasisi wa kijiji, mtu mfupi mwenye haraka, ambaye mwaka ule alikuwa anafungua shule kwa ajili ya watoto wa wakulima, naye alihitaji viti arobaini. Alikuwa amekwisha kutangaza kwamba Jumatatu ya kwanza baada ya Pasaka atachagua fundi mmoja, ama Godsall ama Tranter.

Hapo ndipo ilipokuwa roho ya Enoch. Viwanda vya mijini vilikuwa vikitoa viti kwa mvuke kama waokaji wanavyotoa mikate, na wanunuzi wa viti vya mkono walikuwa wakipungua kila msimu. Bila ya kazi ya shule, ingembidi aliuze kerezo la babu yake, aende mjini akasimame kwenye safu ya wafanyakazi, akereze mguu wa mbele wa kushoto, huo peke yake, kutwa nzima, mpaka mauti yamfikie. Kila alipoifikiria miguu yote hiyo ya mbele ya kushoto alipoteza hamu ya kula.

Keturah alikwenda kuagiza kiti chake mwezi wa Januari. Alitaka kiti chenye mikono, chenye egemeo la mbao tano zilizopindwa kama ngazi, na kikalio cha mafunjo ya mtoni, maana alisema hataki tena kukalia kitu kisichojua kwamba kimekaliwa. Kwa desturi ya akina Godsall, kiti cha mtu hupimwa kwa kamba, kutoka unyayoni hadi nyuma ya goti. Enoch alipoitoa kamba hiyo, uso wake ukawa mwekundu kama udongo wa kijiji. Keturah akaichukua, akaingia nyuma ya mlango, akajipima mwenyewe, akairudisha ikiwa na fundo moja.

"Hilo fundo ni goti," alisema. "Usiniulize zaidi."

Enoch hakuuliza. Kamba ile aliitia mfukoni mwa kizibao, na ingawa vipimo vyake alivinakili ubaoni siku ile ile, kamba haikutoka mfukoni.

Mwezi wa Februari theluji ilianguka siku sita mfululizo na paa la karakana likabomoka. Hakuumia mtu, lakini chini ya paa, theluji na mihimili lilifukiwa bamba la jiwe ambalo juu yake kila kiti cha Godsall kilikuwa kikisawazishwa. Maana miguu ya kiti huachwa mirefu kwanza. Kiti kikishaungwa husimamishwa juu ya bamba, hutiwa vikabari vya mbao chini ya miguu mpaka kitulie, miguu yote minne ikatiwa alama kwa urefu mmoja kutoka chini, ndipo msumeno ukapita. Enoch alikuwa ameahidi kukikabidhi kiti kabla ya Kwaresima, na ahadi kwake ilikuwa ahadi. Basi akakiingiza jikoni, akakiweka mahali pekee palipokuwa wazi, kati ya meko na kabati la vyombo, akakitia vikabari, akakitia alama, akakata. Kisha akaweka bakuli la maziwa juu yake, akalipiga egemeo kofi. Hayakumwagika. Akalala usingizi mtamu.

Kesho yake alikibeba kwa namna wanavyobeba mafundi viti, kikalio kichwani na miguu juu, akapita katikati ya kijiji kama kulungu mwenye pembe nne. Kwa Bibi Lilwall aliwakuta majirani wamekusanyika. Mchungaji Pennoyer alikuwepo, kwa kuwa alitaka kuiona kazi ya mtu aliyekuwa akimfikiria, na Silas Tranter alikuwepo, kwa kuwa hakuna mkusanyiko uliowahi kumkosa. Enoch akakitua kiti katikati ya sakafu, akaomba bakuli, akalijaza hadi ukingoni, akapiga kofi.

Nusu ya maziwa iliingia katika kiatu cha kushoto cha Mchungaji. Nusu nyingine ilimfikia paka, ambaye alikuwa amepita tu, naye tangu siku ile akawa haondoki.

Silas alikohoa kwa adabu. "Enoch ndugu yangu," alisema, "ulikuwa wapi siku zote hizi usituambie kwamba unatengeneza farasi? Huyu atafaa sana kwa wajukuu wangu. Anakimbia na maziwa?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mchungaji hakucheka, ila aliitazama soksi yake kwa muda mrefu, na Enoch akayaona macho yale yakihesabu viti arobaini vya kutikisika na watoto arobaini juu yake. Bibi Lilwall alisogea mbele. Alikikalia kiti, kikamyumbisha huku na huku, akasema kwamba kikalio ni kizuri mno na kwamba fundi akirudishe akakitazame kwa utulivu.

Alikirudisha. Nyumbani hakikuwa na mahali pengine pa kukaa ila pale pale, kati ya meko na kabati. Akakiweka, akakisukuma, kikatulia kama mnara. Akalala chini akaitazama miguu yake mmoja mmoja, kila mmoja umekanyaga sawasawa. Akaweka bakuli, akapiga kofi mara tano, na mara ya tano alipiga kwa hasira. Hapakumwagika kitu. Akaona labda ilikuwa baridi. Labda mafunjo yalikuwa bado hayajakaza. Siku ya tatu akakibeba tena hadi kwa Bibi Lilwall, na pale mlangoni kwake kikaanza tena kutingishika kama mlevi anayetafuta ufunguo.

Safari zile zilikuwa nne, kwenda na kurudi. Orlham haikuwa na burudani nyingi wakati wa Kwaresima, na watu walikuwa wakitoa viti vyao nje ili kumtazama akipita. Muuza samaki alimwuliza kama kiti hicho kinapenda kutembezwa jioni au asubuhi. Watoto walimfuata wakibeba vibao vichwani. Silas Tranter alimpelekea salamu kwamba kama kiti kinamshinda kukisimamisha, basi akifundishe kuogelea. Enoch alipita na kiti chake kichwani. Alikuwa amepungua, hakuwa akilala, na kila jioni alikaa kwenye kibao chake cha kukerezea akikitazama kiti kile kilichotulia mbele ya moto, kisichokuwa na kosa, na ambacho hakikumtaja fundi wake kwa wema popote nje ya nyumba yake.

Safari ya nne, zikiwa zimebaki siku tatu ile Jumatatu ifike, subira ilimwishia. Alisimama katikati ya sakafu ya marehemu Amos Lilwall na akasema neno ambalo hakuna mtu mwenye akili angelisema ndani ya nyumba ile. Alisema kwamba kiti ni kizima, sakafu ndiyo iliyopinda.

Keturah aliiweka chini sindano yake.

"Bwana Godsall," alisema, "mume wangu aliilalia sakafu hii kifudifudi miezi minne. Mimi nilikuwa nikimpelekea chakula akiwa chini. Wewe umeitukana kwa viatu vyenye tope."

"Sikukusudia, Bibi Lilwall."

"Ulikusudia. Ngoja."

Akatoa tufaha katika kikapu, moja ya yale yaliyohifadhiwa tangu mavuno, la duara kamili. Akaliweka sakafuni katikati ya chumba na kuliachia. Tufaha likakaa. Akaliweka karibu na dirisha, likakaa. Akaliweka mlangoni, kwenye pembe, chini ya benchi; kila mahali tufaha lilikaa kama lililoambiwa lisubiri. Enoch alitazama yote hayo, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, alivua kofia yake mbele ya sakafu ile akaiomba radhi kwa dhati.

Keturah alikuwa tayari kuendelea kukasirika, lakini mtu aliyeivulia sakafu kofia alimpunguzia nguvu. Akavaa shali yake, akalitia tufaha mfukoni. "Beba kiti," alisema. "Twende nikaione hiyo sakafu yako ambayo juu yake kinatulia."

Njia nzima watu waliwatazama, Enoch na pembe zake nne mbele, na Bibi Lilwall nyuma kama askari anayemsindikiza mwizi. Walipofika, Enoch alikitua kiti mahali pake kati ya meko na kabati. Keturah akainama, akaliweka tufaha sakafuni karibu na meza, akaliachia.

Tufaha lilifikiri kidogo. Kisha likaanza safari. Lilipita chini ya meza, likashika mwendo, likazunguka mguu wa kiti, likaingia kwa kasi chini ya kabati, na huko likagonga kitu kilichojibu kwa mlio wa vigae.

"Kwa nini limekwenda kule?" aliuliza Keturah.

"Kila kitu huenda kule," alisema Enoch.

"Tangu lini?"

"Tangu utoto wangu. Kitu kikianguka mama alikuwa akituambia, tazameni chini ya kabati." Kitu kikaanza kumpambazukia polepole usoni. "Kwenu hakiendi?"

"Kwetu kitu kikianguka hukaa kilipoanguka, Bwana Godsall. Ndiyo adabu ya vitu."

Wakalisogeza kabati. Nyuma yake kulikuwa na karanga za msituni za miaka mingi, vifungo kumi na vinne, gololi tatu, kichwa cha kiko cha babu yake, kastabini ya kushonea ya mama yake ambayo ilitafutwa siku ya msiba wake isionekane, na tufaha. Na pale mbele ya meko matofali yalikuwa yamebonyea kwa viatu vya watu wa vizazi vitatu waliosimama kuota moto, hivyo mguu mmoja wa nyuma wa kiti ulikuwa umesimama kimya ndani ya shimo, mrefu kuliko ndugu zake kwa unene wa kidole. Enoch aliyetazama mbao maisha yake yote hakuwahi kuitazama sakafu aliyosimama juu yake. Hata meza yake, babu yake aliikata miguu pale pale. Miguu yake mwenyewe ilijifunza mteremko ule kabla hajajua kusema.

Akaketi chini akiishika kastabini ya mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu Februari akacheka. Kisha akasimama akachukua msumeno. Jambo lilikuwa jepesi sasa: kupunguza mguu mmoja, kukipeleka kwenye sakafu ya Amos, na Jumatatu Mchungaji aje na maziwa yake.

Lakini Keturah alikuwa ameketi kitini. Alikuwa ameweka mikono yake juu ya mikono ya kiti, miguu yake ikigusa matofali pale pale lile fundo lilipoahidi, na moto ulikuwa ukimwangaza upande mmoja. Hakutikisika.

"Rudisha msumeno," alisema.

Enoch alimweleza kwamba bila kukata, amekwisha. Atapoteza kazi ya shule, na baada ya shule, kerezo. Keturah akasema kwamba analielewa hilo, lakini kiti ni chake, na hajawahi kukaa vizuri namna hii tangu azaliwe. Kama Mchungaji anataka kukiona kikisimama, na aje hapa kinaposimama, na Tranter aje na cha kwake.

"Hapa kiti cha Silas kitatikisika," alisema Enoch.

"Vizuri."

"Si vizuri, Bibi. Kiti cha Silas ni kizima. Nikikishinda kwa shimo la sakafu yangu nitakuwa nimemwibia."

Huenda ni pale Keturah alipoamua jambo alilokuja kuliamua. Alisema tu kwamba jiko hili lina nafasi ya kuwatosha watu wanne na ukweli wao, na kwamba Jumatatu atakuja mapema kuwasha moto.

Jumatatu walikuja. Silas Tranter alikitua kiti chake kwa madaha mahali alipooneshwa, kati ya meko na kabati, akajaza bakuli, akapiga kofi, na maziwa yakampata mwenyewe kifuani. Uso wake ukawa mweupe kama yale maziwa. Alipokikagua kiti chake miguu yote minne, akitafuta dhambi isiyokuwepo, Enoch alikwenda akasimama karibu naye.

"Usikitafute, Silas," alisema. "Kiti chako hakina kosa. Ni sakafu yangu, nami sikuijua mpaka Ijumaa." Kisha akaliviringisha tufaha mbele ya Mchungaji, likaenda kule linakokwenda, akaeleza yote: theluji, bamba lililofukiwa, mguu uliosimama shimoni. Akakiweka kiti cha Bibi Lilwall mahali pale, akapiga kofi, maziwa yakatulia. Akakisogeza hatua moja, yakamwagika. "Nilikata vibaya," alisema. "Nilikata kwa sakafu moja tu ya dunia hii."

Silas akatoa leso, akaanza kujifuta maziwa kifuani.

Mchungaji Pennoyer alikuwa ameinama akichungulia chini ya kabati. Alipoinuka alikuwa na sura ya mtu anayetaka kuungama kwa washirika wake. Akauliza kwa sauti ya chini kama jambo hili, ambalo Bwana Godsall amelifanya kwa bahati mbaya, anaweza kulifanya kwa makusudi. Maana shule, alisema, ni lile ghala la zamani la kupuria nafaka. Paa lilikuwa limemaliza michango yote, na sakafu ilibaki kama ng'ombe walivyoiacha. Benchi mbili alizokwisha kuziingiza zilikuwa zikirukaruka kama punda mwenye viroboto, naye aliona haya kumwambia mtu.

"Viti vilivyonyooka ninaweza kuvipata kokote," alisema. "Ninachokosa ni fundi atakayekubali sakafu jinsi ilivyo."

Hivyo ndivyo Enoch Godsall alivyoipata kazi. Alimwomba Silas akereze nusu ya viti, na Silas akakubali kwa sharti kwamba habari ya maziwa kifuani isivuke kijito. Ikavuka siku ile ile. Walivikata viti vyote arobaini ndani ya ghala, kila kimoja mahali pake, mmoja ameshika kikabari na mwingine msumeno, wakigombana kutwa. Na mwalimu wa shule alikuja kushukuru kuliko wote, kwa sababu kila mtoto alikuwa na kiti kimoja na mahali pamoja, na aliyehama kwenda kukaa karibu na rafiki yake alichongewa papo hapo na kiti chenyewe.

Kuhusu jambo jingine, Enoch alitumia maneno mengi kuliko aliyoyatumia miaka kumi iliyopita. Alimwambia Keturah kwamba si vizuri kiti chake kikae nyumba moja na yeye akae nyumba nyingine. Akaahidi kuing'oa sakafu yote na kuijenga upya kwa pimamaji.

"Ukiigusa sakafu hiyo," alisema Keturah, "siji."

Basi hakuigusa. Ndoa ikatangazwa kanisani Jumapili tatu, na yeye akaja na shali, kikapu, paka, na pimamaji la Amos, ambalo Enoch mwenyewe alilitundika ukutani kwa heshima na lisitumike kamwe. Ile kamba yenye fundo alimrudishia siku ya harusi. Keturah akairudisha katika mfuko wa kizibao chake, akasema imeshazoea.

Sasa wote wamelala kwenye mteremko wa makaburi ya Orlham. Nyumba ilinunuliwa na wengine wakamwaga saruji, sakafu ikawa bapa kama meza ya benki. Kiti kilikwenda mnadani, na kiko mji mwingine, kwa mtu apendaye viti vya kale, ambaye hukifuta vumbi kwa mkono wake na amekitilia vipande vya karatasi vilivyokunjwa chini ya miguu mitatu. Huwaambia wageni kwamba fundi wake alikuwa hodari, ila siku ile labda alikuwa na haraka.

Ewe Mola uliyeyapima yote bila pimamaji, warehemu waliotangulia kwa kadiri ya ukunjufu Wako. Na waliobaki, wanaosogeza viti vyao chumba hadi chumba na visitulie, waoneshe mahali pao, uwape na mwenzi wa kuketi naye mbele ya moto, na wanapokosea kukata, wawe na ujasiri wa kusema. Amina.